Mswaki wa porini uthaminiwe kwa kazi yake, si kwa kazi tunazousingizia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie kichaka cha mswaki, kile kinachoota huku kwetu kaskazini kwenye mchanga wa chumvi kando ya laga, yaani mito ya msimu, ambacho Waturkana hukiita esekon, Wasamburu sokotei, Wamasai oremit, na sisi Wakamba mukayau. Ukurasa wako wa afya ulichapisha makala ambayo mwandishi wake alisema ni aibu kwa mzazi wa leo kumpa mtoto kijiti atafune wakati duka lipo. Wiki chache baadaye likatoka jibu la msomaji aliyedai kuwa mti huohuo unatibu kisukari, shinikizo la damu, saratani na magonjwa yote ya tumbo, na kwamba wauguzi tunaficha habari hiyo kwa kuwa haituletei faida. Mimi nimekuwa muuguzi katika zahanati za Turkana tangu nilipotoka chuoni mpaka nilipostaafu. Wote wawili wameniudhi, na sitaki uwanja ubaki mikononi mwao.

Wapo wasomaji wa mjini wanaoujua mswaki kwa yale mafungu ya vijiti yanayouzwa nje ya msikiti tu. Hao niwaeleze kwamba mti wenyewe ni kichaka cha matawi yanayoinama na kusukana, wakati mwingine mti mdogo wa mita chache, wenye majani manene yanayobaki mabichi mwaka mzima. Ukifika msimu ambao kila kitu kimegeuka rangi ya vumbi, utauona kwa mbali, na chini yake utakuta mbuzi na watu. Unastahimili chumvi ya ardhini ambayo ingeua miti mingine. Ngamia hula majani yake. Matunda yake ni madogo, mekundu yakiiva, matamu lakini yenye kuwasha kidogo ulimini, na watoto wachungaji huyala wakiwa malishoni. Wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, na unapatikana kuanzia nyika zetu za Afrika hadi Bara Arabu na India. Ukitafuna jani au ukikwaruza mzizi utasikia ukali wa haradali ukipanda puani. Ukali huo ndio dawa yenyewe, na nitaueleza.

Matumizi yake ya kwanza, ambayo ndiyo makubwa kuliko yote, ni kusafisha meno. Mzee wa kufuga huku hatoki bomani bila kijiti. Anakitafuna akitembea, akingojea mbuzi wanywe maji, akisikiliza kesi chini ya mti. Waislamu wa Garissa, Mandera na Pwani wanakitumia pia kwa sababu ya dini, maana Mtume alisema kwamba lau si kuwatia umma wake mashakani angewaamrisha kupiga mswaki katika kila sala. Basi mwandishi wako anapouita mswaki wa mti ushamba, ajue anawatukana watu waliokuwa wakisafisha vinywa vyao mara tano kwa siku kabla hajazaliwa babu ya aliyebuni mswaki wa plastiki.

Nilichokiona zahanatini ni hiki. Mama mzima akitoka mbali, kwenye maboma ambayo sukari hufika kwa nadra, nilimkuta mara nyingi na meno yaliyochakaa kwa kutafuna lakini imara, na ufizi wa rangi nzuri. Watoto wa vituo vya biashara, wa chai ya sukari asubuhi na jioni, peremende za shilingi moja na soda siku ya sikukuu, waliletwa na magego yaliyotoboka mpaka kwenye mzizi, shavu limevimba, hawajalala. Sisemi kijiti peke yake ndicho kilichomlinda yule mama. Chakula chake kilimlinda zaidi. Lakini nilipowauliza wazazi wa watoto hao wanatumia nini kusafisha meno, jibu la kawaida lilikuwa kwamba mswaki wa dukani ulichakaa na haujanunuliwa mwingine, na kijiti wamekiacha kwa sababu walimu wanawacheka. Mtoto amekatazwa cha porini, cha dukani hana, na kinywa kinabaki bila chochote. Hasara hiyo inaletwa na makala kama ile mliyoichapisha.

Sasa nije kwa yule wa pili, mwenye kusifu kupita kiasi.

Ni kweli wafugaji wanautumia mti huu kwa mengi zaidi ya meno. Mizizi huchemshwa na kunywewa kwa maumivu ya tumbo, wengine huitia kwenye supu. Majani hutumika kwa kikohozi na kwa viungo vinavyouma. Maji ya mizizi hunywewa pia kwa kisonono. Siwadharau waliovumbua hayo. Walikuwa na wagonjwa mbele yao, hospitali haikuwepo, wakajaribu kilichokuwa karibu, na baadhi ya walichokipata kina maana hata leo. Supu yenye mizizi ikimtuliza mtu tumbo baada ya nyama nyingi, mimi sina ugomvi nayo.

Kwa kisonono nina ugomvi. Nilimpokea mwanamume aliyekuwa amekunywa maji ya mizizi kwa majuma. Usaha ulikuwa umepungua, kama unavyoweza kupungua wenyewe hata usipokunywa kitu, naye akaamini amepona. Alirudi kwetu baadaye njia ya mkojo ikiwa imeziba kwa makovu. Mkewe, ambaye hakuwahi kuambiwa lolote, alijifungua mtoto ambaye siku ya tatu macho yalivimba na kutoka usaha. Tuliyawahi macho ya mtoto yule kwa sindano, na anaona. Wapo wasiowahiwa. Kisonono kinahitaji antibiotiki, kwa mume na mke pamoja, na hakuna mzizi wa nyikani unaochukua nafasi hiyo. Msomaji wako aliyeandika kuwa "wazungu walituletea sindano ili tusahau mizizi" aje azungumze na mama wa mtoto yule.

Kuhusu kisukari, yapo majaribio ya panya wa maabara ambayo dondoo za mti huu zilishusha sukari kwenye damu. Panya wa maabara si mama wa miaka 60 mwenye kidonda mguuni. Kutoka kwa panya hadi dawa ya binadamu kuna safari ndefu ya kupima kipimo, madhara na muda, na safari hiyo haijakamilika. Anayeuza unga wa mizizi kwenye chupa na kumwambia mgonjwa aache insulini anamweka mtu huyo kwenye hatari ya kufa. Wenzetu wa Bodi ya Famasia na Sumu wana mamlaka ya kushughulikia matangazo hayo, na gazeti lisiyape nafasi hata kwa sura ya barua ya msomaji.

Lakini lipo jambo la kweli kuhusu mswaki na kisukari, na linapotea kwenye kelele hizo. Mwenye kisukari hupata ugonjwa wa ufizi kwa urahisi kuliko wengine, na ufizi ukiugua, sukari nayo inakuwa ngumu kuidhibiti. Mambo haya mawili yanavutana. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayesafisha ufizi wake vizuri kila siku, kwa kijiti au kwa brashi, anajisaidia kweli, huku akiendelea na dawa zake za kliniki.

Nilisema nitaueleza ule ukali. Ndani ya mzizi mti umehifadhi vitu viwili mbalimbali, kila kimoja mahali pake: kiambato chenye salfa, na kimeng'enya cha kukivunja. Ukiuacha mzizi mzima havikutani. Ukiuma, seli zinapasuka, vinakutana, na hapo hapo inazaliwa benzili isothiosianati, ndugu wa kile kinachowasha kwenye haradali. Mti unajilinda hivyo dhidi ya wadudu na wanyama. Kitu hicho huruka hewani, ndiyo maana kinapanda puani. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi na Taasisi ya Karolinska ya Sweden walichapisha majaribio ambayo vipande vya mswaki viliwekwa ndani ya sahani zenye bakteria wa kinywani, na vingine vikaning'inizwa juu yake bila kugusa. Hata vile visivyogusa viliua. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba mhusika mkuu ni hiyo isothiosianati ya mzizini.

Lililonivutia zaidi katika kazi ile ni tofauti waliyoikuta kati ya bakteria na bakteria. Wale wanaohusika na ugonjwa wa ufizi, kama Porphyromonas gingivalis, waliathirika vibaya sana. Wale wanaohusika na kutoboka kwa meno, Streptococcus mutans na jamaa zake wa Lactobacillus, walistahimili zaidi. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wale mama wa mabomani na wale watoto wa vituoni. Kijiti ni rafiki wa kweli wa ufizi. Dhidi ya sukari ya kila siku kijiti hakitoshi. Mtoto anayekunywa chai ya sukari mara tatu kwa siku anahitaji floridi pia, ile iliyomo kwenye dawa ya meno, kwa sababu floridi ndiyo inayoimarisha ganda la jino dhidi ya tindikali inayotengenezwa na hao bakteria wa sukari. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Shirika hilohilo, katika miaka ya 1980, lilikuwa limehimiza vijiti vya kutafuna vitumike pale vilipo desturi ya watu. Ripoti ya makubaliano ya kimataifa kuhusu usafi wa kinywa ya mwaka 2000 ikasema utafiti zaidi unahitajika kuhusu mswaki. Sioni mgongano wowote kati ya mambo hayo. Paka dawa kidogo kwenye nyuzi za kijiti, kama unayo, upige mswaki.

Uangalifu unahitajika hapa kwetu, maana maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kiasi, nayo ndiyo yanayowapa watoto meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya jino, hayatoki kwa kusugua. Nimewaona vijana, hasa wasichana wanaokaribia kuolewa, wakiyasugua kwa kijiti na mchanga au jivu mpaka ufizi ukarudi nyuma na shingo ya jino ikawa wazi, na madoa yako palepale. Waache kusugua hivyo. Na mtoto wa chini ya miaka 3 apewe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, afundishwe kutema, asimeze.

Kuna utafiti mwingine ambao naupenda ingawa ni mdogo. Ulifanyika Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2003. Wanaume 15 walitumia mswaki wa mti kwa muda, kisha mswaki wa kawaida kwa muda uleule, wakapimwa ukoga na hali ya ufizi. Mswaki wa mti ulifanya vizuri zaidi. Watu 15 hawatoshi kuamua mambo ya dunia nzima, nami sitaki mtu aushikie bango. Ila watu hao, kabla ya kuanza, walifundishwa na wataalamu namna sahihi ya kukitumia kijiti. Huko ndiko ninakotaka kuwapeleka wasomaji, kwa sababu kijiti mikononi mwa asiyefundishwa kinasafisha meno sita ya mbele, upande wa nje, basi. Magego na upande wa ndani, unaotazama ulimi, hubaki na ukoga wa miaka. Utafiti mwingine wa huko Saudia uliwakuta baadhi ya watumiaji wa muda mrefu wakiwa na ufizi uliorudi nyuma, kwa sababu ya kusugua kwa nguvu kuelekea pembeni kama anayekata kuni kwa msumeno.

Basi namna yenyewe ni hii, na ni ile niliyokuwa nikiwafundisha akina mama kliniki ya watoto. Chukua tawi bichi la unene wa kidole kidogo, lisilozidi urefu wa kiganja, lisiwe na ukungu wala doa jeusi. Kama limekauka, liloweke kwenye maji safi, lakini usiliache humo siku nzima maana ladha yake yote itaishia majini. Menya ganda la ncha moja, kiasi cha sentimita moja tu. Tafuna taratibu mpaka nyuzi zitengane na kulainika, utoe vipande vigumu. Weka nyuzi hizo pale ufizi unapokutana na jino, kisha vuta kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unavuta kushuka, ya chini unavuta kupanda. Nje, kisha ndani, kisha juu ya magego unakotafunia. Kwa upande wa ndani watu hulalamika kwamba kijiti hakipindi. Tafuna ncha yake kwa ubavu, nyuzi ziangalie pembeni badala ya mbele, utafika. Ufizi ukitoka damu siku za kwanza usiache, lainisha mkono. Ukiendelea kutoka damu baada ya wiki mbili, njoo kliniki. Kata nyuzi zilizotumika kila siku uanze mpya. Mtu asimpe mwenzake kijiti chake, hata mama na mtoto. Na mara muhimu kuliko zote ni usiku, baada ya chai ya mwisho, kwa sababu mate hupungua ukilala na kinywa kinabaki bila mlinzi. Wengi huku hupiga mswaki asubuhi peke yake.

Tena si kila kijiti ni mswaki. Mwarobaini unatumika, mtamayu wa milimani unatumika. Mnyaa usiuguse. Maziwa yake yanachoma mdomo, na yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Mtoto anayetumwa porini aonyeshwe mti kwanza.

Niruhusu, Mhariri, nikae kidogo kwenye jambo la ufizi, kwa sababu watu hudhani damu kwenye mswaki ni jambo la kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanyika Kenya mwaka 2015 uliwakuta watu wazima zaidi ya asilimia 90 wakiwa na ufizi unaotoka damu. Kwa mtu mzima aliyeshiba, hiyo inaanza pole na kuishia kwenye meno yanayolegea. Kwa mtoto wa ukame, aliyekonda, aliyetoka kuugua surua, kidonda kidogo cha ufizi kinaweza kugeuka noma, ugonjwa unaokula shavu na taya la mtoto kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuweka noma kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Ukigunduliwa mapema, kwa antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula chenye lishe, mtoto anapona. Ukichelewa unaua, na anayebaki hai hubaki na uso usiofunga. Mswaki wa mti hautibu noma, na nasisitiza hilo ili yule msomaji asiniongezee. Lakini mama aliyezoea kumfungua mtoto wake kinywa kila jioni ili amsafishe ndiye atakayekiona kidonda siku ya kwanza. Tabia hiyo ningependa irudi katika kila nyumba, iwe kwa kijiti, kwa brashi, au kwa kitambaa safi kwa mtoto mchanga asiye na meno mengi.

Sasa linakuja jambo gumu, na sijaona likiguswa kwenye gazeti lolote. Ukali niliousifu umo zaidi mzizini. Wanunuzi wa mijini wanajua hilo, hivyo wanaagiza mizizi. Matokeo yake yanaonekana kando ya laga: mashimo, na kichaka kilicholala ubavu, majani yamenyauka. Ukikata tawi la mswaki, kisiki kinachipua upya, na mti unaendelea kutoa kivuli na tunda. Ukichimbua mzizi mkuu umeuua mti ambao ng'ombe, ngamia, ndege na watoto waliutegemea. Nyanya mmoja wa hapa, ambaye ndiye aliyenionyesha vichaka vizuri nilipokuwa mgeni, alinishika mkono akanionyesha shimo la namna hiyo. "Daktari, huyu hakuja kupiga mswaki. Amekuja kuchukua mswaki wa wajukuu wangu wote mara moja." Wazee wa hapa wanaochukua mzizi huchukua wa pembeni tu, kwenye kichaka kikubwa, wakafukia.

Mimi nasema matawi yanatosha. Kazi kubwa ya kuondoa ukoga hufanywa na nyuzi zenyewe na mkono uliofundishwa, na tawi bichi lina nyuzi nzuri. Anayetaka mzizi na apande wake. Mti huu unaota kwa mbegu, kwa visiki na kwa machipukizi ya mizizi. Anayetumia mbegu aondoe kwanza nyama ya tunda na kuziosha, kwa sababu nyama hiyo huzuia mbegu kuota, na asizihifadhi muda mrefu. Haukui kwa haraka, kwa hiyo anayeanza leo hatavuna mwakani.

Nao una adui mwingine, mathenge. Mti huo uliletwa katika maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 kwa nia ya kuzuia jangwa, ukasambaa mpaka serikali yenyewe ikautangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008. Umeziba kingo za mito palepale ambapo mswaki huota. Wasomaji wengi watakumbuka jinsi wenzetu Wailchamus wa Baringo walivyoishtaki serikali wakamfikisha mahakamani mbuzi asiye na meno, kwa kuwa sukari ya maganda ya mathenge ilikuwa imeozesha meno ya mifugo yao. Tumeupa nafasi mti unaoozesha meno ya mbuzi pale ulipokuwa mti unaosafisha meno ya watu. Miradi ya kuondoa mathenge ipo, na pesa hutengwa kwa ajili hiyo. Naomba ardhi inayosafishwa isiachwe tupu, kwa maana mathenge itarudi. Mswaki uwe miongoni mwa miche ya kwanza kurudishwa hapo, na vitalu vya kaunti vianze kuuotesha pamoja na miembe na mwarobaini.

Kuna na suala la nani anafaidika. Dawa za meno zenye dondoo ya mswaki zinauzwa madukani duniani kote. Maarifa kwamba mti huu unasafisha kinywa hayakutoka kiwandani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016, inayozitaka serikali za kaunti ziwe na daftari la maarifa ya jamii zake. Wazee wanaojua ni kichaka kipi kinachotoa kijiti kitamu na kipi kichungu, ni msimu gani nyuzi zinakuwa laini, mzizi upi unaweza kuchukuliwa bila kuua, wanazeeka. Wawepo watu wa kwenda kuwasikiliza na kuandika, na kila jambo liandikwe kwa jina la jamii iliyolisema, pamoja na yale ambayo sisi wa kliniki tunayakataa. Hata dawa ya kisonono iandikwe, ijulikane ilivyotumika, na pembeni yake ijulikane kwa nini leo mgonjwa apelekwe zahanati.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mtafute daktari wa meno wa umma na mchoraji, mchapishe kwenye ukurasa wa afya picha za hatua nilizozieleza, kubwa, za kubandikwa ukutani, ili mwalimu wa shule ya msingi aliye mbali na duka aweze kuwafundisha watoto wote kwa vijiti walivyokata njiani. Kwa walimu ombi ni jepesi: mtoto akija darasani na kijiti mdomoni, mwangalie kama anafikia magego, mwelekeze, usimcheke. Nanyi wachuuzi wa vijiti mnaokuja kununua huku, mwambieni anayewauzia kwamba mnataka matawi, na bei ya tawi iwe sawa na ya mzizi. Wachimbaji wanafuata bei. Mkifanya hivyo msimu huu, vichaka vya kando ya mto Turkwel ambavyo bado vimesimama vitabaki vimesimama.

Wako mwaminifu,
Muuguzi mstaafu,
Lodwar